Shajara ya mradi: kitomeo cha slán katika faharasa ya Kiayalandi na Kiswahili

Faharasa hii inaandaliwa kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili walioko Ayalandi, hasa wazazi. Watoto wa shule za msingi kule hufundishwa Kiayalandi, Gaeilge kama wenyewe wanavyokiita, na daftari likifika nyumbani mzazi hukuta lugha ambayo maelezo yake yote yameandikwa kwa Kiingereza. Tunataka neno la Kiayalandi lifafanuliwe kwa Kiswahili moja kwa moja, bila kuzungukia kwa jirani. Shajara hii ni ya kitomeo kimoja tu, yaani neno moja pamoja na maelezo yake: slán. Lina silabi moja, husemwa kutwa, na limeandikwa kwenye vibao vya njia za kutokea mijini. Tulilitengea siku mbili. Limekula wiki sita.

Wiki ya 1. Rasimu iliyoanguka

Rasimu ya kwanza ilikuwa mstari mmoja: slán, kwaheri. Ndivyo orodha nyingi za watalii zinavyosema, na si uongo. Tatizo lilijitokeza tulipoanza kukusanya sentensi za mfano. Tá na páistí slán: hapa hakuna anayeagana na mtu, watoto wako salama. Tháinig siad slán as an timpiste: walinusurika katika ajali. Níl cnámh slán ina chorp: hana mfupa mzima mwilini. Kisha hesabu za shule: slánuimhir, yaani namba kamili, ile isiyo na sehemu wala desimali. Mzazi aliyeambiwa kwamba slán ni kwaheri atasoma "namba ya kwaheri" na kufunga daftari.

Tukafuta mstari ule, tukaanza na kivumishi. Maana ya msingi ya slán, tangu Kiayalandi cha kale, ni kitu au mtu asiyepungukiwa: hakuvunjika, hakuumia, hakupotea. Kiswahili kina neno lililokaa karibu sana na hapo, nalo ni -zima. Yai zima, chungu kizima, mguu mzima. Na watu wakikutana: "Mzima?" "Mzima." Afya na ukamilifu vimo ndani ya neno moja, kama vilivyomo ndani ya slán. Kwa hiyo maana ya 1 sasa ni -zima, maana ya 2 ni salama, na kuagana kumeshuka hadi namba 3. Hatukuona sababu ya kuanza na matumizi yanayosikika zaidi wakati hayo yenyewe yanaelezwa na yale yaliyotangulia: anayekuaga kwa Kiayalandi anakutakia uwe mzima.

Mipaka yake nayo iliandikwa, maana -zima ni pana kuliko slán. Mtu mzima kwa maana ya aliyekomaa ni duine fásta, si duine slán. Usiku mzima ni an oíche ar fad. Na -zima ya kuwa hai ni beo. Bila mistari hii mitatu msomaji makini angeitumia slán kila mahali penye -zima, na angekosea kwa sababu yetu.

Onyo moja lilihitaji kisanduku chake. Mtu anayejua kwamba salama na salamu zilitoka Kiarabu, akiona slán ina s na l na maana ileile, atadhani ni ukoo mmoja. Si kweli. Slán ni neno la Kikelti, na ndugu yake ni salvus ya Kilatini. Kiarabu ni lugha ya ukoo mwingine kabisa, na kufanana huku ni sadfa. Kuna kosa la pili linaloletwa na dhana hiyo: kutumia slán kama salamu ya kukutana. Haitumiki hivyo. Ukikutana na mtu husema Dia duit, naye hujibu Dia is Muire duit. Slán ni ya kuachana tu.

Wiki ya 2. Nani anaondoka, nani anabaki

Hapa ndipo kitomeo kilipopata uzito, na ndipo tuliposhinda muda mrefu zaidi.

Kiayalandi cha mapokeo kina njia mbili za kuagana, na huchaguliwa kwa kuangalia miguu ya mtu. Anayeondoka humwambia anayebaki slán agat. Anayebaki humwambia anayeondoka slán leat. Wakiwa wengi, anayeondoka husema slán agaibh, na anayebaki husema slán libh. Wenye Kiswahili hawatashangaa habari ya wingi, kwani nasi tuna kwaheri na kwaherini. Ila kwaheri haijali nani anatoka na nani anabaki. Tukitaka kulitaja hilo husema "nenda salama" na "baki salama", na hizo ndizo tafsiri tulizoweka, kila moja mahali pake.

Maelezo ya kwa nini iko hivyo yamo ndani ya vihusishi. Agat ni ag pamoja na wewe, yaani kwako, mahali ulipo. Leat ni le pamoja na wewe, yaani nawe, pamoja nawe. Kwa hiyo slán agat ni usalama uwe kwako hapo ulipo, na slán leat ni usalama ufuatane nawe. Akili ya mzungumzaji wa Kiswahili imezoea jambo hili kuliko anavyodhani. Kiayalandi hakina kitenzi maalumu cha "kuwa na kitu". "Nina kitabu" ni tá leabhar agam, kuna kitabu kwangu. Nasi pia hatuna kitenzi hicho: nina ni ni- na na, mimi pamoja na kitabu. Wao wamechagua "kwa", sisi tumechagua "na". Mwanafunzi akishalielewa agam, agat, aige, aici katika umiliki, slán agat haihitaji kukaririwa tena.

Vitenzi vya kuaga vinafuata mantiki hiyohiyo, na tumevipa mstari wao. Slán a fhágáil ag duine, neno kwa neno, ni kuacha usalama kwa mtu: hufanywa na anayeondoka, na tafsiri yake ni kumuaga mtu. Slán a chur le duine ni kuweka usalama pamoja na mtu: hufanywa na anayebaki. Kwa hii ya pili tulijaribu "kusindikiza", tukaiondoa, kwa kuwa kusindikiza ni kutembea na mgeni hatua kadhaa, na slán a chur le duine inaweza kufanyika mtu akiwa amekaa kitini. Imebaki "kumtakia safari njema anayeondoka". Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Yanayoharibika hapa ni mawili. La kwanza ni simu. Kwenye simu hakuna mlango wala anayebaki nyumbani, kwa hiyo kanuni haina pa kushika. Watu husema slán peke yake, mara nyingi mara mbilimbili, au slán go fóill, kwaheri kwa sasa. La pili ni matumizi ya leo: wengi, hasa waliojifunzia lugha shuleni, husema slán leat kwa yeyote. Kwa hiyo mzazi akisikia mwalimu anayetoka darasani akisema slán leat, asidhani faharasa imekosea. Tumeandika wazi: kanuni ni hii, wapo wanaoilegeza, na asiye na uhakika aseme slán tu, haimkwazi mtu.

Heshima ya umri haionekani katika neno hili. Katika mazungumzo ya kawaida Kiayalandi hakitumii wingi kumheshimu mtu mmoja, kwa hiyo bibi wa miaka 80 na mjukuu wake wote huambiwa slán agat. Tumelitaja kwa sababu msomaji wetu atatafuta pa kuiweka "shikamoo" yake, na ni haki yake kujua kwamba hatapata.

Wiki ya 3. Matamshi na kurekodi

Kosa la kwanza la ulimi wa Kiswahili ni silani. Tunaingiza irabu kati ya s na l bila kujua, maana silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Slán ni pigo moja: s na l zimegusana, kisha a ndefu, kisha n inayofunga bila irabu nyuma yake. Zoezi linalofaa: tamka "sss" ndefu, bila kukata sauti peleka ncha ya ulimi kwenye l, kisha fungua mdomo kwa a. Ajabu ni kwamba Kiayalandi chenyewe huingiza irabu katika maneno mengine. Gorm, buluu, hutamkwa gorom, na ainm, jina, hutamkwa anim. Lakini mwanzoni mwa slán haingizwi kitu, na ndiyo maana tumeweka gorm na slán bega kwa bega, moja ina irabu ya siri na nyingine haina.

Kuandika matamshi kwa herufi zetu kulitupa shida. Tuliandika slaan, nasi Waswahili tunasoma aa kama silabi mbili: ta-a, ka-a. Maelezo yakaongezwa kwamba ni pigo moja, na kila umbo limewekewa sauti ya kusikiliza.

Sauti zinahitajika kutoka majimbo matatu ya lahaja: Munster kusini, Connacht magharibi na Ulster kaskazini. Tofauti ya slán yenyewe ni ndogo, iko kwenye rangi ya irabu. Tofauti kubwa iko kwenye vinavyoifuata. Agat huko Munster mkazo wake uko silabi ya mwisho, na huko Conamara, upande wa magharibi, neno zima hufupika hadi kusikika kama "aad". Abhaile katika slán abhaile ni "awalya" magharibi na kaskazini, na "avalya" kusini. Mtoto anayefundishwa na mwalimu wa Kerry, kusini, hatasikia alichosikia binamu yake Galway, magharibi, na wote wako sahihi.

Katika fóill, i haitamkwi kama irabu. Iko pale kuonyesha kwamba l ni nyembamba, yaani ulimi umeinuliwa kuelekea kaakaa. Kiayalandi hugawa konsonanti kuwa pana na nyembamba, na irabu zinazozizunguka ndizo zinazotoa taarifa. Slán ina á tu, kwa hiyo s, l na n zote ni pana. Sláinte ina i kabla ya n na e baada ya t, kwa hiyo n na t ni nyembamba, na mwisho wake husikika kama "nche".

Wiki ya 4. Ukoo wa neno

Sláinte ndilo jamaa mashuhuri: afya. Wengi hulijua kwa kugonganisha glasi tu. Kwenye faharasa limewekwa kwanza mahali mzazi atakapolikuta, yaani ionad sláinte, kituo cha afya. Kugonganisha glasi kumefuata.

Methali ya Is fearr an tsláinte ná na táinte, afya ni bora kuliko makundi ya ng'ombe, inafaa kuangaliwa kwa karibu. Táinte ni wingi wa táin, kundi la mifugo, na mifugo ndiyo iliyokuwa mali. Sláinte ni nomino ya kike, na baada ya an nomino ya kike inayoanza na s ikifuatiwa na irabu, l, n au r hutanguliwa na t. Herufi s haifutwi, lakini haitamkwi: an tsláinte husomwa "an tlaanche". Sasa sikiliza: tlaanche, taanche. Vina vimekaa sawasawa, na ukitamka ile s vinavunjika. Methali yenyewe inamfundisha mtoto kanuni ya ts. Tafsiri yetu imekuwa "afya bora kuliko mali", na mifugo tumeieleza pembeni.

Mabadiliko ya mwanzo wa neno hayapaswi kumtisha mtu aliyekua na mzima, kizima, nzima na zima. Baada ya nomino ya kike, slán huwa shlán, na sh husomwa h: cos shlán, mguu mzima, "kos hlaan". Vivyo hivyo mo shláinte, afya yangu, ni "mo hlaanche". Katika maandishi ya zamani badala ya h iliwekwa nukta juu ya s. Anayesoma jiwe la kaburi au kitabu cha kale ataikuta.

Wengine kwa ufupi. Slánaigh ni kuokoa, na pia kutimiza: tá ocht mbliana déag slánaithe aici, ametimiza miaka 18. Slánaitheoir ni Mwokozi. Slándáil ni usalama wa ulinzi, na garda slándála ni mlinzi wa getini. Easlán ni mgonjwa, asiye mzima. Eas- ya mwanzo ndiyo inayokanusha. Slánlus ni mmea wa majani marefu yenye mishipa iliyonyooka, unaoota pembezoni mwa njia, na tiba za kienyeji ziliutumia kwenye majeraha. Jina lake ni mmea wa uzima, basi.

Wiki ya 5. Alama juu ya a

Kistari cha á huitwa síneadh fada, urefusho. Si pambo. Fear ni mwanaume, féar ni nyasi. Sean ni -a zamani, Seán ni jina la mtu. Andika slan bila kistari na umeandika kitu kisichokuwemo katika lugha.

Hitilafu iliyotusumbua ilikuwa ya utafutaji. Mtu anaandika slán, kitomeo kipo, na programu inasema hakipo. Chanzo: herufi á ina namna mbili za kuhifadhiwa. Moja ni herufi iliyokamilika, U+00E1 kwa namba za Unicode, orodha ya herufi ambayo kompyuta huitumia. Nyingine ni a ya kawaida ikifuatiwa na alama ya juu inayojitegemea, U+0301. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Kwa kompyuta ni mifuatano miwili tofauti. Vitomeo vyetu vilikuwa vya aina ya kwanza, na sehemu ya maneno yaliyonakiliwa kutoka kwenye mafaili mengine ilikuwa ya pili. Dawa yake ni kupitisha maandishi yote kwenye mfumo sanifu wa NFC, unaogeuza kila á kuwa herufi moja iliyokamilika, vitomeo na pia neno analoandika mtafutaji. Ukisafisha upande mmoja tu, hitilafu inabaki.

Baada ya hapo tuliongeza utafutaji usiojali kistari, maana wengi hawajui kukiandika. Kwenye simu bonyeza a bila kuachia, kisha chagua á. Kwenye Windows yenye kibodi ya Kiayalandi, shikilia AltGr na ubonyeze a. Maumbo ya shlán, tsláinte na shláinte nayo yameelekezwa kwenye vitomeo vyao, kwa sababu mtoto hunakili alichokiona ubaoni. Majina ya mafaili ya sauti hayana kistari: slan_agat_munster.wav. Yale yenye á yalivunja viungo yalipohamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, kwa sababu ileile ya namna mbili za kuhifadhi.

Wiki ya 6. Semi, na kufunga

Go dté tú slán. Huu ndio usemi uliotufurahisha kuliko yote. Go na dté ni umbo la kutakia, kama -e yetu ya mwisho: uende. Neno kwa neno, bila kusukuma chochote, ni "uende salama". Tulizoea kulazimika kuongeza maneno kama "natumaini" au "Mungu akujalie", na hapa hakukuhitajika hata moja.

Slán abhaile husemwa kwa anayerudi kwake, na ndiyo ya kwenye vibao vya kutokea mijini. Mtego wake uko kwetu: nyumbani inafaa kwa kwenda na kwa kukaa, lakini abhaile ni ya kwenda tu. Aliyekwisha kufika yuko sa bhaile. Huwezi kumwambia slán abhaile mwenyeji uliyemkuta sebuleni kwake, ingawa Kiswahili kichwani kinakuambia inawezekana.

Slán sábháilte, mzima na aliyeokolewa, tumeipa "salama salimini". Lugha zote mbili zimerudufu wazo ileile kwa maneno yanayoanza na sauti moja.

Gura slán an scéalaí husemwa mtu akipokea habari mbaya: mleta habari na awe mzima. Anayepokea taarifa ya msiba humwondolea msemaji lawama ya alichokileta. Tulitafuta usemi wa Kiswahili wa kuweka mkabala wake, na "mjumbe hauawi" ilipendekezwa. Tumeikataa. Hiyo humtetea mjumbe, hii humwombea. Tafsiri imebaki "aliyeleta habari awe salama", pamoja na maelezo ya mahali inaposemwa.

Kitomeo sasa kinasomeka hivi: slán (slaan, pigo moja). Kivumishi: 1. -zima, isiyovunjika, cos shlán, mguu mzima. 2. salama, aliyenusurika, tháinig siad slán as an timpiste, walinusurika katika ajali. Nomino ya kiume, umilikishi sláin, wingi slána: 3. neno la kuagana. Slán agat, baki salama (husema anayeondoka). Slán leat, nenda salama (husema anayebaki). Wingi slán agaibh, slán libh. Slán go fóill, kwaheri kwa sasa. Slán abhaile, ufike salama nyumbani. Si salamu ya kukutana. Tazama sláinte, easlán, slánaigh.

Kimebaki kipande kimoja. Rekodi ya slán agaibh kutoka Conamara ina kelele ya upepo katika sekunde ya kwanza, na s ya mwanzo imemezwa. Itarudiwa ndani, dirisha likiwa limefungwa, kabla kitomeo hakijafunguliwa kwa wasomaji.